Chakula Halisi cha Vietnam, Nzuguni

Ruksa ya biashara ilipotolewa, kila mtu Dodoma alifungua kitu. Aliyepunguzwa kazi serikalini alifungua duka la vipuri, aliyestaafu ualimu alifungua kibanda cha soda, na asiyekuwa na cha kufungua alifungua mdomo akawasema waliofungua. Hata hivyo, ungeshuka stendi miaka ile ya tisini ukauliza chakula cha Kivietinamu kinapatikana wapi, watu wangekucheka kwanza. Wangekuuliza kama umeamka vizuri. Wakishamaliza kucheka, mmoja wao angekuelekeza: toka mjini, shika barabara ya Morogoro mpaka Nzuguni, ukifika ulizia kwa Mama Brightness. Na asiende mwenye mafua, maana ukikaribia pale unaongozwa na pua.

Mama Brightness mwenyewe aliitwa Anyesi, Mgogo wa Hombolo, mwanamke mrefu mwenye sauti ya kuita ng'ombe walio ng'ambo ya korongo. Mgahawa wake ulikuwa chumba kimoja cha matofali ya kuchoma kando ya bucha, na jiko lilikuwa uani. Juu ya mlango kulikuwa na kibao: CHAKULA HALISI CHA VIETNAM. Fundi wa rangi alitaka kuandika "bora". Anyesi alimkatalia palepale. Bora, alisema, kila mwenye sufuria anajiita bora. Yeye aandikiwe halisi, na kama fundi hajui kuandika halisi alete brashi aandike mwenyewe.

Neno hilo hakuliokota njiani. Mwanzoni mwa miaka ya themanini alikuja Hombolo mtaalamu wa umwagiliaji kutoka Vietnam, pamoja na mkewe ambaye kila mtu alimwita Mama Hoa. Anyesi alikuwa ameolewa juzijuzi tu, akapata kazi nyumbani kwao. Mama Hoa alikuwa mdogo wa umbo na mkali wa jicho. Kiswahili hakuwa nacho kingi, na hicho kidogo alikimalizia jikoni. Hapana, Anyesi. Tena, Anyesi. Kwa hizo hapana na tena alimfundisha kusaga mchele uliolowekwa, kumimina uji wake juu ya kitambaa kilichofungwa kwenye mdomo wa sufuria inayochemka, kuubandua ukishakuwa utando laini, kuukunja na kuukata vipande virefu vyembamba. Hizo ndizo tambi. Alimfundisha kuchoma tangawizi na vitunguu juu ya makaa kabla ya kuvitia kwenye supu ya mifupa. Alimfundisha kushindilia dagaa na chumvi ndani ya mtungi, kuufunika, na kuuacha miezi mpaka utoe maji ya rangi ya chai. Hayo maji ya samaki ndiyo yaliyoongoza watu kwa pua, na ndiyo yaliyowafanya majirani wa Nzuguni waitishe kikao. Anyesi alihudhuria kikao hicho akiwa na sufuria ya supu. Walikula, kikao kikaahirishwa, na mpaka leo hakijaitishwa tena.

Basi mambo yalimwendea vizuri, tusifichane. Dodoma ni mji wa supu tangu zamani, na Bunge likikaa mji unajaa watu wenye njaa wasio na jiko. Makarani walikuja, madereva wakaja, wanafunzi wakaja kucheka vijiti na wakaondoka wakiwa wamejua kuvitumia. Mlenda nao aliupika kwa namna ya Mama Hoa, mwepesi, na dagaa ndani yake. Siku Mama Hoa alipouona mlenda gulioni kwa mara ya kwanza alinunua fungu zima, akalikumbatia kifuani, akisema hata kwao upo. Wagogo wa Nzuguni walivimba vichwa waliposikia hivyo, na haikuwezekana tena kuwaambia kitu kuhusu mlenda.

Kulikuwa na chakula kimoja ambacho hakikupikwa kila siku. Ni mtama, nafaka ambayo Wagogo wameila tangu mababu. Punje nzima zilikaangwa kavu, zikalowekwa, zikachemshwa mpaka zikapasuka, kisha zikachanganywa na vipande vya viazi vitamu na mchele wa kuhesabu. Hicho Anyesi alikiita chakula cha heshima. Alimpikia diwani, alimpikia padri, na wageni waliotoka mbali. Kwa nini? Kwa sababu ndicho Mama Hoa na mumewe walichokula wenyewe, siku baada ya siku, huku yeye Anyesi akipewa wali wa chenga. Alipouliza sababu, Mama Hoa alicheka, akamwambia mtama ndio chakula chao, wanaupenda sana. Anyesi akajipigia hesabu yake. Hawa kwao wali ni wa kila siku, kama ugali kwetu. Basi cha heshima lazima kitakuwa hiki. Hesabu ilimkaa sawa kichwani, na ndiyo aliyofungulia mgahawa.

Hapo ndipo Silvano alipomshika. Silvano alikuwa mdogo wa mume wake, mwenye bucha ya jirani, ndiye aliyempatia mifupa, na kama mashemeji wote wa nchi hii aliona ana kibali cha kusema lolote. Siku moja kwenye soga za mchana Anyesi akaropoka habari za yale mabakuli, lao la mtama na lake la wali. Silvano akaidaka. Kumbe, alisema, tajiri anakula chake na mfanyakazi anatengewa chake? Na wali wenyewe wa chenga? Basi shemeji, wewe ulilishwa kama wafanyakazi wote wanavyolishwa, na anayekulisha chenga hawezi kukufungulia siri ya jiko lake. Alikupa makombo ya mapishi, wewe ukayawekea kibao.

Watu walicheka. Anyesi naye alicheka, akamrudishia maneno ya kishemeji ambayo hayafai kuandikwa, akaenda uani. Kule uani hakucheka. Lilimuuma, kwa sababu swali lile alikuwa ameshajiuliza mwenyewe siku nyingi. Meza walikaa moja, hilo ni kweli. Lakini bakuli lake lilikuwa mbali na lao, siku zote, na hakuna aliyemwambia sababu inayoeleweka. Alimpenda yule mama. Wakati ule alikuwa na mimba ya Brightness na mama yake mzazi alikuwa ameshafariki, na ni Mama Hoa aliyemshika mkono mpaka zahanati. Walipomaliza muda wao waliondoka, na hakukuwa tena na mtu wa kumuuliza. Kama yule mama alimwona mtumishi tu wa kupewa chenga, basi neno lile juu ya mlango lilikuwa uongo, na mengine mengi aliyoyaweka moyoni yalikuwa uongo pia.

Ndipo akaja Elisante. Elisante alikuwa afisa katika ofisi moja ya serikali, Mpare mwenye tai, na alikuwa amekabidhiwa wataalamu wa Kivietinamu waliokuja kuangalia bwawa la Hombolo. Wageni walikuwa wamechoka na chakula cha nyumba ya wageni. Kila siku walikitazama, wakashukuru, wakanywa chai. Elisante akaambiwa awatafutie mahali. Alizunguka, maskini. Hoteli moja mjini ilimwambia wanapika Kichina, na Kichina na Kivietinamu si ni yale yale? Alionja, akakuta tambi za pakiti zimeungwa nyanya. Chamwino alielekezwa kwa mtu ambaye kumbe anauza vitumbua. Alipofika Nzuguni alikuwa ameshakata tamaa, akaagiza supu bila matumaini, akaongeza bakuli la pili akiwa amelegeza tai.

Akamweleza Anyesi mpango wake. Jumamosi angemleta Bwana Lam, mkalimani wa wale wageni. Bwana Lam akisema chakula ni chenyewe, msafara wote utakula hapo mpaka kazi ya bwawa iishe. Akisema sicho, basi. Anyesi alimjibu kwamba alete mkalimani, alete na balozi akitaka, viti vipo. Elisante alipoondoka, Silvano alishafika kwa wauza mkaa na habari yote, na haikuchukua muda Nzuguni nzima ikajua kwamba Jumamosi kibao cha Mama Brightness kitasomwa na mwenye lugha.

Ukiniuliza kama aliogopa, nitakwambia supu haikumtia hofu hata kidogo. Mkono wake aliujua. Aliogopa jambo moja tu, nalo hakumwambia mtu: kwamba huyo mkalimani angeonja, akatabasamu kwa adabu, akasema hivi ni vyakula wanavyofundishwa watumishi.

Jumamosi mchana meza zote zilijaa watu ambao ghafla walikuwa na hamu ya Kivietinamu. Silvano alisimama mlangoni na koti lake la bucha, mikono imekunjwa. Bwana Lam alikuwa kijana bado, hajafika thelathini. Alikuwa amekaa Morogoro kwenye mashamba ya mpunga, na Kiswahili chake kilinyooka, ila alikiimba kidogo. Alimpa Anyesi shikamoo kabla hajakaa. Watu wakatazamana, wakaona huyu amelelewa.

Supu ikaja. Mtu anayekula kwa adabu ya ugenini unamjua tu, anachokoachokoa na kusifia. Huyu hakusifia kitu. Alikamulia ndimu, akachanachana giligilani juu yake, akavuta zile tambi kwa kelele bila haya, kisha akainua bakuli kwa mikono miwili akanywa mpaka likabaki jeupe. Alipoletewa maji ya samaki alichovya kidole, akaguna, akachovya tena. Mlenda ulimchekesha, alisema bibi yake aliupika wakati wa joto, hivihivi, mwepesi. Akamgeukia Elisante akamwambia amekula supu hii kwa watu wa kwao kabisa, mjini Dar es Salaam, na haikuifikia hii. Elisante aliketi vizuri utadhani aliipika yeye. Pale mlangoni Silvano alikunjua mikono akaanza kutazama upande wa bucha.

Angeishia hapo, mambo yangekuwa yamekwisha kwa heri. Lakini Anyesi hakuwa mtu wa kuishia nusu. Aliingia uani, akatoka na bakuli lenye kifuniko, akaliweka mbele ya mgeni kwa mikono miwili akipiga goti, kama anavyopewa mkwe. Akafunua.

Lam aliuangalia ule mtama. Alilaza vijiti mezani, kimoja kando ya kingine, akasogeza kiti nyuma. Uso ulimbadilika, hata aliyekuwa meza ya mwisho aliona.

"Mama," alisema, "nani kakufundisha hiki?"

Anyesi akamwambia.

"Hiki si chakula cha mgahawa. Hiki tulikula wakati wa njaa, baada ya vita. Kilikuja kwa meli, tukagawiwa, na watu walisema huko kilikotoka wanalishia mifugo. Mimi niliapa sitakigusa tena."

Mlangoni Silvano alipasuka kicheko, akapiga paja, akasema si nilisema mimi, na wenzake wakamsaidia kucheka. Elisante alitoa leso akajifuta shingo. Na kila mtu mzima mle ndani alielewa barabara kilichotokea, kwa sababu kila mmoja aliukumbuka unga wa yanga, ule wa mahindi ya njano ya msaada, na foleni yake. Ni sawasawa na mtu afungue mgahawa huko Hanoi, aandike chakula halisi cha Tanzania, halafu amtengee Mtanzania ugali wa yanga na goti juu yake.

Joto lilimpanda Anyesi mpaka masikioni. Mwingine angelinyakua bakuli akakimbilia uani. Yeye alivuta kiti, akakaa uso kwa uso na mgeni wake.

"Ni cha kwenu, au si cha kwenu?"

Lam aliliangalia tena bakuli. Akakubali kwamba ni cha kwao.

"Basi kibao changu hakijadanganya mtu," alisema Anyesi, kwa sauti ya kufika mlangoni. Halafu sauti ikashuka, maana hilo silo lililomkaa rohoni. "Sasa niambie lingine. Wale watu walikula hiki kila siku. Mimi walinipa wali, kwenye bakuli langu peke yangu. Kwa nini?"

Vicheko vilikatika. Hata Silvano alitaka kusikia jibu. Lam aliuliza ulikuwa mwaka gani, na Anyesi akamweleza: ni mwaka ule mvua ilipokatika, mchele hauonekani hata kwa kibali, na hiyo chenga yenyewe mumewe Mama Hoa aliifuata mbali akarudi na kifuko cha kubeba kwa mkono mmoja. Lam akauliza tena, yeye Anyesi alikuwa nani pale nyumbani. Akajibiwa alikuwa msichana wa kazi, na mjamzito.

Kijana yule akavuta kiti chake mezani tena. Alieleza polepole, akitafuta maneno. Kwao walikuwa watoto wengi. Mchele wa mgawo haukujaza kiganja cha mtu mzima, mtama ndio uliokuwa mwingi, kwa hiyo mama yake alipika vyote pamoja. Chakula kikiiva, aliketi na vijiti vyake akachambua punje za mchele moja moja kutoka kwenye mtama, akawagawia watoto kwenye mabakuli yao. Mwenyewe alibaki na mtama mtupu.

"Tulimuuliza mbona hali wali," alisema Lam. "Alituambia anapenda mtama. Anaupenda sana. Tukamwamini, mama, tukala. Nilipokuwa mtu mzima ndipo nikajua kwamba ulimshinda hata kuutafuna." Alimwangalia Anyesi. "Huyo Mama Hoa hakukutenga. Alikuhesabu mtoto wake."

Anyesi alilia. Hakujifunika kwa kanga wala hakusingizia moshi. Alilia wazi mbele ya wateja wake, na ilikuwa furaha, furaha ya kuumiza. Aliiona ile chenga. Nyumba nzima ile, karibu mchele wote uliopatikana kwa kuhangaika, ulikuwa unaingia tumboni mwake yeye na mwanawe, na wale wawili wanakula njaa yao mbele yake huku wakimwambia wanaipenda. Brightness alizaliwa mnene, watu wakashangaa, mwaka ule watoto wa Hombolo walizaliwa mifupa mitupu. Na yeye alikuwa amekaa miaka yote akijiuliza kosa lake ni nini hata hakupewa mtama.

Silvano aliingia ndani. Alisimama karibu na meza, akakohoa, akasema shemeji, nilikosea. Anyesi alimwambia amesikia, na akakae, amemzibia mwanga. Akakaa.

Lam aliona ameharibu karamu ya watu. Akavichukua tena vijiti, akajikaza, akausogelea ule mtama kwa heshima ya mwenye nyumba. Anyesi alimzuia mkono. Alilivuta bakuli upande wake, akaenda uani akamletea wali mweupe unaofuka moshi, wa Kyela, umejaa mpaka ukingoni, akamwekea mbele na maji ya samaki kando. Kisha akakaa palepale, akaanza kuula ule mtama yeye mwenyewe, kwa kijiko, na wala hakufanya haraka.

Lam hakuanza kula. Alimtazama anavyotafuna, kwa jicho la mtu aliyewahi kudanganywa na mtu anayempenda.

"Mama," akauliza, "unaupenda kweli?"

"Mimi Mgogo, mwanangu," alisema Anyesi, akichota tena. "Mimi naupenda kweli."